Kibanio cha Namba Tano

Jumamosi, 2 Machi

Mimi ndiye dereva bora kuliko madereva wote waliowahi kuzaliwa, na sijawahi kukalia kiti cha gari hata siku moja. Hilo liandikwe juu kabisa, kabla sijaanza habari za mvua.

Gari langu linaenea kwenye boksi la viatu. Jina lake Radi. Wenzangu klabuni wanamwita Kiroboto kwa sababu kwenye kona huwa anaruka, lakini hao mwachie Mungu. Mwenye wivu hata umpe asali atakuuliza nyuki wako wapi.

Naandika kwa faida ya atakayeokota daftari hili nikishakuwa mashuhuri. Sisi ni klabu ya magari madogo ya rimoti. Sheria yetu kuu ni kwamba kila gari liwe na sura ya kizamani, yale yenye macho ya mviringo na mabega manene ambayo babu zetu waliyatolea macho ujanani. Tunashindana kila Jumamosi ndani ya karakana ya samani iliyofungwa. Barabara yetu ni mazulia chakavu, na kingo zake ni mpira wa kumwagilia bustani. Leo mvua za msimu zimeanza, na bati la karakana linavuja juu ya kona ya tatu. Tumeweka ndoo. Sasa inaitwa Kona ya Ndoo.

Mwenyekiti ni Kinyozi, mtu wa sheria hata akiota. Bingwa kwa sasa ni Mama Cherehani, fundi wa nguo, mwenye gari jeupe na ulimi mkali kuliko mkasi wake. Halafu kuna babu yangu, mzaa mama, aliyekuwa mchora vibao vya maduka. Gari lake ni la kijani, anaitwa Bi Mkubwa. Ubavuni ana mstari mmoja wa dhahabu, mwembamba kama unywele, kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma. Babu aliuchora kwa mkono mtupu, bila rula, kabla mikono yake haijaanza kutetemeka. Ndio mstari wake wa mwisho ulionyooka.

Mimi wananiita Mdomo. Sababu siijui.

Jumapili, 3 Machi

Mvua. Nimelala.

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimecheka mpaka mbavu zimeomba likizo.

Redio za magari yetu ni za zamani kama sura zake. Kila rimoti ina namba, na wawili wenye namba moja wakiwasha pamoja, gari halijui limsikilize nani, linakimbia kama mbuzi aliyemwagiwa maji. Ndiyo maana mlangoni kuna ubao wenye vibanio vya nguo, kila kimoja na namba yake. Huna kibanio, huwashi. Ukikosea, adhabu yako ni kuvaa kibanio hicho sikioni mpaka jua lizame, popote uendapo.

Mama Cherehani alikuwa anaongoza, kibanio cha namba mbili kiko begani kwake. Ghafla gari lake jeupe likageuka, likavuka mpira, likajitosa moja kwa moja kwenye ndoo.

"Nani kawasha?" Kinyozi akapiga kelele, kama anavyofanya siku zote gari likipata wazimu.

Kisha akaitazama rimoti iliyokuwa mkononi mwake mwenyewe. Namba mbili. Alikuwa anajaribu betri.

"Mwenyekiti," Mama Cherehani akasema taratibu, huku akimwaga maji kutoka kwenye gari lake, "sikio la kulia au la kushoto?"

Amenyoa watu mchana kutwa na kibanio sikioni. Mteja mmoja aliuliza kama hiyo ndiyo fasheni mpya.

Mimi na babu sote ni namba tano, maana vifaa vya redio yangu vilitoka kwenye boksi lake, pacha na vyake. Kwa hiyo hatuwezi kushindana mbio moja. Mmoja akimaliza, anamkabidhi mwenzake kibanio. Babu amezoea kuniita mume mwenzangu, eti tangu nizaliwe tunagombania bibi. Bibi ametutangulia, lakini ugomvi umebaki. "Mume mwenzangu," aliniambia leo akinibania kibanio kwenye kola, "tulianza na mke mmoja, sasa tumefikia kibanio kimoja. Hii nyumba inafilisika."

Jumatano, 13 Machi

Kazini kwa mjomba, fundi pancha. Mvua ikinyesha misumari inafichama kwenye madimbwi, mjomba anafurahi. Mikono inanuka mpira. Sina la ziada.

Jumamosi, 16 Machi

Nimekuwa wa tatu. Wa tatu kwa sababu ya ndoo, kila mtu anajua.

Babu, kwenye mbio zake, amekuwa wa nne, na hilo ndilo limezua maneno. Mikono yake hutetemeka akishika kikombe, ila akishika rimoti hutulia, kama mtoto aliyepewa titi. Leo haikutulia. Kwenye Kona ya Ndoo, Bi Mkubwa aligonga mpira akapinduka. Zamu ya kuinua magari yaliyopinduka kwenye kona ile ilikuwa yangu, kwa sababu aliyemaliza mbio zake lazima asimame kwenye kona awainulie wengine. Nikamweka Bi Mkubwa kwenye magurudumu. Mstari wake mzima, hata mkwaruzo hana.

Jioni mama akaanza. Alikuwa anakunja nguo, na mama akikunja nguo kwa nguvu ujue kuna hotuba.

"Baba, si upumzike sasa? Unarudi umelowa, umechoka, halafu usiku mabega yanakuuma."

"Yananiuma hata nikilala, mwanangu. Bora yaniume nikiwa na watu."

"Watu wenyewe wanakuonea huruma."

Mimi nilikuwa nakula, nikaacha kutafuna.

"Nisikilize," babu akasema. "Kuacha uchoraji sikuacha kwa hiari yangu, watu ndio waliacha kuniita. Safari hii nataka niamue mwenyewe. Siku ya Kombe, ile fainali yetu ya mwezi ujao, mikono ikinisaliti mbele ya watu, naiweka rimoti chini na sirudi tena. Isiponisaliti, hutaniambia tena nipumzike. Tumekubaliana?"

Mama akakunja shuka ileile mara ya pili. "Tumekubaliana, baba."

Mimi nikasema babu atashinda Kombe, halafu mwakani nitamstaafisha mwenyewe kwa heshima zote. Babu akanitupia soksi.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua ya mawe. Bati lilipiga kelele hata Kinyozi akawa anatoa ishara kwa taulo. Nimekuwa wa pili nyuma ya Mama Cherehani. Nikamwambia ajiandae, kombe mwaka huu linahamia kwetu.

"Mdomo wako ungekuwa na magurudumu," akasema, "ungenishinda tangu mwaka juzi."

Jumatano, 27 Machi

Nimepita duka la rangi kununua nyekundu ya Radi. Binti wa duka akauliza natengeneza nini. Nikamweleza. Huenda nilitia chumvi kidogo. Huenda nilisema mimi ndiye bingwa.

"Na linakusikiaje, kama halina waya?"

"Njoo Siku ya Kombe nikuoneshe."

Akasema atakuja. Nimerudi nyumbani bila ile rangi.

Jumamosi, 30 Machi

Asubuhi niliamka kabla ya chai nikamkuta babu mezani, amekaa wima, rimoti iliyozimwa iko mikononi. Alikuwa anaendesha gari ambalo halipo. Kidole gumba kulia, kushoto, kulia, macho kwenye ukuta. Kila alipofika mahali fulani midomo yake ilibana, nikajua kafika Kona ya Ndoo.

Ningeweza kumtania. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, mazuri kabisa. Nikarudi kitandani kwa kunyata.

Mchana akawa wa pili.

Jumamosi, 6 Aprili

Barabara imejaa maji, wamekuja watu wachache, hakuna mbio. Tumekaa karakanani na babu tukisugua magurudumu kwa msasa. Nikamuuliza alichoraje mstari ule bila rula.

"Hutazami brashi," akasema. "Unatazama kule unakokwenda. Ukitazama brashi mkono unaanza kujihoji."

"Hata mimi naendesha hivyo."

"Wewe unaendesha huku unatazama nani anakutazama."

Mzee huyu ananionea.

Jumamosi, 13 Aprili. Siku ya Kombe

Naandika yote kwa mpangilio.

Mvua ilipumzika asubuhi, ikaanza tena tulipofika. Karakana ilijaa mpaka watu wakakaa juu ya mbao. Mama yangu alikuja kwa mara ya kwanza, amevaa viatu vya harusini, akashika mkoba wake kwa mikono miwili. Binti wa duka la rangi alikuja pia, akasimama karibu na meza ya kuwekea rimoti.

Kwa kuwa mimi na babu ni namba moja, Kinyozi alituweka mbali. Mimi fainali ndogo, babu fainali kubwa.

Fainali ndogo nimeshinda. Na iandikwe hivyo: NIMESHINDA. Radi hakuruka hata mara moja. Nilipomaliza nikachomoa kibanio kwenye kola yangu nikambania babu kwenye yake. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Mume mwenzangu," nikamwambia, "usiniaibishe mbele ya wakwe."

"Wakwe gani?" Akatazama kule kwa yule binti, akacheka kwa pua. "Nenda kwenye kona yako, mjinga wewe."

Fainali kubwa ikaanza. Jamani, laiti mngemwona. Mikono ilitulia. Mzee alisimama kwenye jukwaa la madereva, kidevu juu, hatazami rimoti wala hatazami watu. Bi Mkubwa alipita Kona ya Ndoo kama mwanamke anayeingia kwake. Kijani, dhahabu, kijani, dhahabu. Akampita Kinyozi. Akamfikia Mama Cherehani. Wakaenda ubavu kwa ubavu, mpaka nikasikia sauti ya mama yangu, mama yangu aliyekuja kushuhudia mzee akistaafu, anapiga kelele, "Mkanyage, baba! Mkanyage!"

Mzunguko wa mwisho akawa mbele. Imebaki kona moja.

Na hapo Bi Mkubwa akaenda moja kwa moja. Hakukata kona. Aliongeza mwendo, akaruka mpira, akajipiga kwenye nguzo ya chuma. Bodi ikapasuka katikati. Mstari wa dhahabu umekatika vipande viwili.

"Nani kawasha?" Kinyozi akauliza, na gari lake likaendelea peke yake.

Watu wakatazamana. Kibanio cha namba tano kilikuwa kwenye kola ya babu, kila mtu anakiona.

"Hakuna aliyewasha," babu akasema. Hakupaza sauti. "Ni mikono."

Mama Cherehani akamaliza wa kwanza, na hakuna aliyepiga makofi vizuri, hata yeye mwenyewe. Babu akashuka jukwaani akishikilia ukuta. Akaweka rimoti mezani. Akachomoa kibanio kwenye kola yake, akanibania kwenye yangu.

"Sasa ni chako peke yako," akasema. "Nyumba ina mume mmoja."

Mkono wa mtu mzima una siku zake. Wote waliona. Mimi sina la kuongeza.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua. Kikombe cha fainali ndogo nimekiweka juu ya kabati. Mama amesema kinapendeza.

Jumanne, 16 Aprili

Mama sasa anamjazia babu chai nusu kikombe ili asimwagie. Zamani angegomba. Leo ameinywa, akasema ahsante.

Alhamisi, 18 Aprili

Babu amenipa Bi Mkubwa. Ameniletea kwenye boksi lake, vipande vyote viwili, na redio, na kitambaa cha kumfutia. "Utamgundisha," akasema. "Wewe mikono yako mizuri."

Mwaka mzima nilikuwa namwambia kwamba iko siku nitamrithi. Nimepokea, nikasema sawa babu, nikaenda kukaa chooni.

Jumamosi, 20 Aprili

Sikwenda klabuni. Nimewaambia nina mafua.

Jumatatu, 22 Aprili

Mjomba ameniuliza kama naumwa, maana tangu wiki iliyopita sijajisifu. Nikamwambia mimi ndiye fundi pancha bora kuliko wote mtaa huu. Akanitazama. "Hapana," akasema, "hiyo umeisema kama mtu anayesoma risiti."

Alhamisi, 25 Aprili

Bodi imeshikana. Gundi haionekani ukiwa mbali. Tatizo ni mstari. Nimenunua rangi ya dhahabu kwa binti wa duka. Akauliza, "Babu yako hajambo? Ile siku iliniuma sana. Ulikuwa ndio kwanza unanionesha." Nikachukua chenji nikaondoka, na mvua ilikuwa inanyesha.

Nimejaribu kuunganisha mstari kwenye kipande cha bati kwanza. Umetoka kama nyoka mwenye homa. Babu alikuwa kwenye kiti chake, amegeuzia dirisha mgongo. Hakugeuka, lakini akasema:

"Usishike brashi kama unamshika kuku."

"Njoo unioneshe."

"Mimi?" Akainua mikono yake miwili, akaitazama inavyotetemeka, akairudisha mapajani kama vitu vya kuazima. "Hii nimeshamalizana nayo. Hata rimoti imenikataa, itakuwa brashi?"

Ndevu zake zimeota. Mtu ambaye Kinyozi ni rafiki yake.

Jumamosi, 27 Aprili

Leo klabu inafunga msimu. Nimekwenda. Mvua ilikuwa rasharasha tu, ile isiyoweza hata kujaza ndoo.

Sikuchukua Radi. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ubao, nikatoa kibanio cha namba tano mfukoni, nikakibana sikioni mwangu. Kinauma kuliko nilivyodhani.

Watu wakaanza kucheka. Kinyozi ndiye aliyecheka zaidi, alikuwa na deni la kunilipa tangu siku nilipomcheka yeye. "Mdomo! Umewasha nini wewe, hata gari hujaja nalo?"

"Siku ya Kombe," nikasema.

Kicheko kikaisha kidogo kidogo, mtu mmoja mmoja.

Nikawaambia. Kwamba zamu yangu ilikuwa kwenye kona, na mimi nilikuwa mezani. Kwamba binti aliniuliza tena gari linasikiaje bila waya, nami nikaichukua rimoti yangu nikamwambia tazama hii taa. Nikawasha, nikasukuma kidole mbele. Muda wa kupiga chafya. Nikasikia mlio wa nguzo kabla sijageuka, na nilijua. Kinyozi alipouliza nani kawasha nilikuwa nimeshazima, rimoti iko mezani, na mdomo wangu ule mnaoujua ulikuwa umefungwa.

Kinyozi akakaa juu ya mbao. "Nilitazama kola ya mzee," akasema. "Sikutazama meza."

Mama Cherehani alinijia mpaka nikanusa chaki ya vitambaa kwenye mikono yake. Nilidhani atanizaba kofi. Akakirekebisha kile kibanio, maana kilikuwa kinataka kudondoka.

"Kombe la kuokota mimi sitaki," akasema. "Mzee wako nitarudiana naye, nimshinde kihalali. Sasa nenda nyumbani. Na usikitoe hicho mpaka yeye akione."

Nimetembea mtaa mzima nacho. Watoto wamenifuata mpaka kwenye kona ya duka la rangi. Binti alikuwa mlangoni, akanitazama, nikanyoosha safari.

Babu alikuwa kwenye kiti chake. Mama alikuwa anakunja nguo. Nikasimama mbele yake, nikilielekea dirisha, ili mwanga unipige usoni na anione vizuri. Hotuba nilikuwa nimeitunga njiani kote, nikaiacha, nikamgeuzia sikio.

Babu aliliona sikio. Mtu wa klabu haelezwi mara mbili maana ya kibanio sikioni. Akakitazama, akaisoma namba. Kisha akaacha kunitazama mimi. Akainua mikono yake, akaigeuza, viganja juu, viganja chini. Ilikuwa inatetemeka kama kawaida. Lakini aliitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyemchapa kwa kosa la jirani.

"Kwa hiyo ile kona," akasema, "niliikata."

"Uliikata, babu."

"Na nilikuwa mbele."

"Ulikuwa mbele."

Mama aliweka shuka chini. Akachukua kikombe cha babu mezani, akaenda jikoni, akarudi nacho kimejaa mpaka ukingoni. Babu akakishika kwa mikono miwili. Ikamwagika kwenye shati, kwenye suruali, kwenye kiti. Akanywa yote iliyobaki.

"Jua linazama saa ngapi leo?" akaniuliza.

"Bado kidogo."

"Basi usikitoe." Akafuta ndevu zake. "Halafu niletee huyo mke wangu uliyemvunja. Huo mstari nitauunga, utapinda, na utapinda hivyohivyo."

Sasa jua limezama na sikio langu jekundu kama Radi. Babu yuko mezani, ulimi nje, brashi mkononi, anatazama kule anakokwenda. Mstari unapinda kweli.

Nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Nimeandika ndoo, nimeandika mvua, nimeandika mkono wa mtu mzima una siku zake. Msimu huu kimeharibika kitu kimoja tu, na si bodi, bodi imeshikana. Rimoti niliwasha kwa ujinga. Kunyamaza, wiki mbili nzima, nikimtazama babu yangu akinywa nusu kikombe na kusema ahsante, nilinyamaza kwa akili zangu timamu.